Tangi la Alfajiri

Wahandisi wa maji moto wana imani yao, na imani hiyo wameiandika katika kitabu kinene chenye jalada la buluu: kwamba binadamu hawafungui mabomba kwa pamoja. Ukiwa na nyumba themanini na nne, huna haja ya kuweka maji moto ya nyumba themanini na nne. Mmoja anaoga, mwengine amelala, wa tatu yuko kazini, wa nne amegombana na mkewe na hana hamu ya kuoga. Kwa hiyo unachukua mahitaji yao wote, unayapunguza na kuyapunguza tena, mpaka unabaki na tangi dogo la heshima, na lililobaki unamwachia Mungu. Kitabu hakimtaji Mungu, lakini ukiyasoma majedwali yake kwa makini utaona amewekewa nafasi.

Mwadini Ameir alikiamini kitabu hicho kwa miaka kumi na minne. Alikuwa mchoraji wa mabomba katika ofisi ya Pradip, ghorofani juu ya duka la halua na chevda karibu na stesheni ya Rayners Lane. Yeye alichora, wengine walitia sahihi. Pradip mwenyewe alizaliwa Tanga, akaondoka na wazazi wake akiwa na miaka tisa, na Kiswahili chake alikihifadhi kama watu wanavyohifadhi sufuria nzuri: hakitoi ila kwa kazi maalumu, na kazi hiyo kwa kawaida ilikuwa kukataa jambo bila kumuudhi mtu.

Safari hii hakukataa.

"Kazi ya Fenlow nakupa wewe," alisema. "Unakaa palepale. Utachora wewe, utapiga hesabu wewe, na sahihi utatia wewe."

Fenlow ni majengo matatu ya matofali mekundu kule Edmonton, ambako Mwadini alikuwa akiishi na mkewe tangu walipokuja kutoka Pemba mwaka 2001, kwa sababu zilezile zilizowaleta Wapemba wengi mwaka ule. Majengo yote matatu hupata joto kutoka boila moja kubwa ya gesi, kwa mabomba yanayopita chini ya ua. Boila ilikuwa imezeeka. Wenye nyumba waliamua kuing'oa na kutumia joto la ardhini. Kilichimbwa kisima cha mita mia na ishirini hadi kwenye mwamba wa chokaa, ambako maji yana joto la digrii kumi na tatu, kiangazi na kipupwe. Pampu huyavuta, hulikusanya joto hilo dogo, hulikamua na kulibana mpaka likatosha kuoga na kupasha vyumba, kisha maji ya kisima hurudishwa chini yalikotoka.

"Mmechimba mita mia na ishirini," alisema Kijakazi, mkewe, alipoelezwa, "mkakuta maji ya baridi. Mkafurahi."

"Si ya baridi, mke wangu. Digrii kumi na tatu."

"Maji ya mtungi wa mama yangu kule Wete yalikuwa na digrii zaidi ya hizo, na hatukuita mradi."

Mwadini alicheka, lakini furaha haikumtoka. Alikaa mbele ya kompyuta, akapiga bismillahi, akaanza. Na siku ya tatu akagundua jambo ambalo kitabu cha buluu hakikulijua.

Pampu ile ni mvumilivu lakini si mwepesi. Hufanya kazi usiku kucha kujaza tangi la maji moto, ili saa moja asubuhi, watu wanapoamka kwenda kazini na shule, tangi liwe limejaa. Kitabu kinasema kabla ya hapo watu wamelala. Lakini Fenlow kulikuwa na fleti sitini na moja za Waislamu: Wazanzibari, Wasomali, Wabangali, Waturuki. Na Waislamu, alijiambia Mwadini huku kifua kikimpanuka, ni watu wanaofanya jambo lilelile kwa wakati uleule, kwa amri. Mwishoni mwa Aprili alfajiri huingia kwenye saa kumi. Nyumba sitini na moja zikifungua mabomba saa kumi ili watu watawadhe, ikifika saa moja tangi ni tupu, na watoto wote wa Fenlow wanakwenda shule bila kuoga.

Alimpelekea Pradip hoja yake kama mtu anayepeleka posa.

"Umehakikisha," aliuliza Pradip, "au unakisia?"

"Nitawauliza."

"Utapita nyumba kwa nyumba kuwauliza watu kama wanaamka kuswali," alisema Pradip. "Haya, bwana. Waulize."

Akawauliza. Alipita milango sitini na moja akiwa na karatasi na kalamu, Jumamosi mbili mfululizo. Saa tano mchana alifunguliwa na mtu mwenye alama ya mto shavuni, akamwambia huku akipiga miayo kwamba alfajiri haijampita tangu abaleghe. Mlango mwengine kijana alijibu kwa Kiingereza kwamba yes, huwa wanaamka, na mama yake akapiga kelele kutoka jikoni, "Mwambie kila siku, si huwa!" Mwanamme mmoja alisema yeye hatumii hata kengele, kwani usingizi wenyewe unamkimbia kwa haya.

Mwisho alibisha hodi fleti namba thelathini na nne, kwa Mzee Himid. Huyu alitoka Unguja utotoni, baada ya Mapinduzi, na sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wakaazi, mwenyekiti wa hitima, na mwenyekiti wa jambo lolote lililokuwa na kiti.

"Unaniuliza mie?" alisema Mzee Himid.

"Nawauliza wote, mzee. Ni kwa ajili ya hesabu."

"Andika ndiyo. Andika na tahajudi."

Mwadini aliandika ndiyo. Tahajudi, sala ya usiku wa manane, haikuwa na safu yake kwenye karatasi.

Sitini na moja kati ya sitini na moja. Aliporudi nyumbani aliiweka karatasi mezani na macho yalikuwa yamemlowa. Miaka yote hii alidhani anaishi miongoni mwa watu wa kawaida.

Kijakazi aliitazama karatasi. "Wote?"

"Wote."

"Mume wangu, mie nilisoma chuoni tukiwa watoto thelathini, na mwalimu ana bakora mkononi, na bado hatukuwahi kutimia."

"Usiwadhanie watu vibaya, Kijakazi."

"Siwadhanii. Nakaa nao."

Lakini Mwadini alikuwa amekwisha kuamini, na mtu aliyeamini hupiga hesabu kwa kasi. Tangi moja halikutosha. Yalihitajika mawili, kila moja refu kama basi la ghorofa lililosimamishwa wima. Chumba cha mitambo kilikuwa na nafasi ya moja. Upande mmoja wa chumba kile palikuwa na barabara, upande wa pili njia ya reli ya Overground, na upande wa tatu palikuwa na ukumbi wa wakaazi. Mwadini alivuta mstari mmoja mwekundu, na ukumbi ukawa tangi.

Ukumbi ule haukuwa na sura ya kumvutia mtu. Ulikuwa na zulia lenye rangi ya chai iliyomwagika na kabati la vikombe lisilofungika. Lakini hakukuwa na pengine. Mtu akifariki, hitima yake ilisomwa pale. Watoto walisomeshwa Kurani pale Jumamosi na Jumapili. Wanawake walifungia harusi pale, wajane waliomaliza eda walipokelewa na jamaa pale, na kila Jumatano jioni Telesphor, mwangalizi wa majengo, Mhaya wa Bukoba, alikutana pale na Wakatoliki wenzake wanane kusali rozari. Kukodi ukumbi mwengine Edmonton ni kazi ya watu wenye mfuko mwengine.

Mchoro ulipobandikwa ubaoni, Mzee Himid alimngoja Mwadini chini ya ngazi.

"Mwanangu. Mnatunyang'anya ukumbi?"

"Ili tupate maji ya kutawadhia, mzee. Kwa sababu nyote mnaamka."

"Hakuna njia nyengine?"

"Ipo moja tu. Mngekuwa hamuamki, tangi moja lingetosha."

Mzee Himid alikohoa, akatazama viatu vyake, akasema kwamba ataliangalia jambo hilo.

Kelele za wakaazi zilipozidi, Pradip aliamua. Maneno yamekwisha kusemwa, sasa tutapima. Kila fleti ilikuwa na mita yake ya maji moto, iliyowekwa na wenye nyumba zamani, nayo iliandika matumizi kila dakika na kuyapeleka kwenye kompyuta ndani ya chumba cha boila. Wapime wiki nne. Mwisho wa Mei wangekutana ukumbini, na kwa kitakachoonyeshwa na mita, ukumbi ungebaki au ungevunjwa.

Wiki mbili za mwanzo zilipotimia, Mwadini alikwenda chumba cha boila. Telesphor alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akila ndizi.

"Karibu, injinia. Keti. Au simama, maana habari yenyewe ni fupi."

Kwenye kioo palikuwa na mistari themanini na nne. Kutoka saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri, mingi ililala kama watu wenyewe. Mwadini alihesabu iliyoinuka. Akahesabu tena.

"Kumi na moja," alisema Telesphor, kumpunguzia kazi. "Namba kumi na tisa naye ameinuka, lakini ni Mreno, dereva wa basi. Nimekuwekea kumi na moja bila yeye."

"Labda wengine wanatumia maji ya baridi."

"Na baridi hii ya alfajiri? Wazanzibari?"

Kando ya kila mstari palikuwa na namba ya mlango. Mwadini alinyoosha kiganja akaifunika safu ile, kama mtu anayemfunika mwenzake aliyelala nguo zikiwa zimempanda. Alikuwa amefundishwa tangu chuoni kwamba anayesitiri aibu ya nduguye, Mola humsitiri yake siku ambayo hakuna pa kujificha. Lakini jicho halisubiri ruhusa. Lilikuwa limekwisha kuona kwamba mstari wa nyumba yake umeinuka, akashukuru, akaona haya kwa kushukuru. Na lilikuwa limekwisha kuona thelathini na nne, mstari uliolala chali, wiki mbili, bila hata kugeuka ubavu.

"Zifute hizo namba," alisema. "Tupeleke jumla tu."

"Nimeshakusikia. Mimi sikuona kitu. Mimi ni Mkatoliki, hata saa zenyewe sizijui."

Hata hivyo Mwadini alitoka pale moyo mwepesi. Kumi na moja! Tangi moja linatosha, ukumbi umepona, na hakuna atakayejua lolote. Lililobaki ni kumtuliza mzee. Akapanda ngazi hadi namba thelathini na nne.

Hapo ndipo alipoharibu, na aliharibu kwa ukweli, chombo ambacho watu wema hukitumia bila kusoma maelezo yake.

"Mzee, ukumbi umepona," alisema, kikombe cha chai mkononi. "Mita zimeonyesha maji ya alfajiri hayatumiki kwa kiasi tulichodhani."

Mzee Himid alikuwa akijimiminia maziwa. Akaacha. "Mita zinaonyesha nini?"

"Matumizi."

"Ya majengo yote kwa pamoja."

Hapo palihitajika neno moja tu la kuitikia. "Ya kila nyumba," alisema Mwadini. "Kila dakika."

"Na karatasi hiyo anaiona nani?"

"Watu wataona jumla, mzee. Namba za milango nimezitoa."

"Lakini zilikuwemo."

"Zilikuwemo."

"Na wiki mbili zimebaki."

"Wiki mbili."

"Mola ni mwingi wa rehema," alisema Mzee Himid polepole, na aliinywa chai yake bila maziwa.

Jumatatu iliyofuata Telesphor alimpigia simu ofisini.

"Injinia, Waislamu wako wameokoka."

"Wamefanya nini?"

"Boila inanguruma saa kumi kamili. Nilidhani bomba limepasuka. Nyumba hamsini na nane, bwana! Namba ishirini na mbili wako likizo Uturuki, wote na watoto, na bomba lao linafunguka."

"Haiwezekani."

"Inawezekana. Ufunguo wamemwachia jirani."

Mwadini alipanda treni tatu kurudi Edmonton, akaenda kutazama. Ilikuwa kweli. Mistari imesimama safu moja, kama jamaa nyuma ya imamu. Lakini kila mstari ulipanda, ukakaa dakika mbili, ukaanguka. Nyumba ya watu sita, dakika mbili. Nyumba ya mtu mmoja, dakika mbili. Kijakazi alimweleza lililobaki wakati wa chakula cha jioni.

"Nasikia maji ukutani, huku na huku, mabomba yote yanaimba. Nikasema alhamdulillah, leo hatuko peke yetu. Kabla sijamaliza sunna nikasikia mikoromo."

"Wanafungua, wanafunga, wanarudi kulala?"

"Hata taa hawawashi."

Mwadini aliweka kijiko chini. Mtu aliyekwisha kutoka kitandani, akaenda bafuni gizani na kufungua bomba, amebakiza dakika tano tu amalize alichoambiwa na Mola wake. Lakini mita haipimi rakaa. Watu wa Fenlow walikuwa wameelewa, wote kwa usiku mmoja, ni kipi kinachopimwa. Na katika miaka kumi na minne Mwadini hakuwahi kuona wateja walioelewa mtambo upesi kiasi kile.

Wiki ya nne ilikuwa kama ya tatu. Pradip aliziweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyengine.

"Wiki mbili za mwanzo, kumi na moja. Mbili za mwisho, hamsini na nane. Katikati hapa palitokea nini? Ramadhani?"

"Ramadhani imeshapita."

"Basi nini?"

Mwadini alitazama dirishani. Chini, watu walikuwa wakipanga foleni ya halua.

"Sikiliza, bwana Mwadini. Mimi si mtoto. Hakuna mtu anayetawadha nyumba nzima kwa dakika mbili. Lakini mchoro unafuata siku mbaya kuliko zote, na hizi ndizo siku mbaya. Nipe sababu moja ya kuandika, nitazitupa wiki mbili za mwisho na ukumbi utabaki. Andika tu kwamba wanafungua mabomba bure. Nyumba hii, na hii, na hii."

"Siwezi kuandika hivyo."

"Kwani ni ndugu zako?"

"Majirani."

"Majirani waliokudanganya mara mbili."

"Ndio haohao."

"Basi yatakuwa matangi mawili," alisema Pradip, kwa Kiswahili kizuri kabisa cha Tanga.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya kabati la vikombe. Mwadini alikuwa ameswali rakaa mbili za haja kabla ya kutoka nyumbani, na hakuwa amepata jibu. Alisimama ukutani karibu na Telesphor. Mzee Himid alikaa safu ya mbele, kofia mpya, fimbo kati ya magoti.

Pradip aliwasha mashine na ukutani ukatokea mchoro wa wiki ya nne: nyanda tupu, kisha, saa kumi alfajiri, mlima. Watu waliutazama mlima wao. Mtu nyuma alisema mashaallah. Mwengine alimwinua mwanawe juu ili aone. Kwa dakika nzima Fenlow walikuwa watu wa furaha, wamesimama mbele ya ibada yao iliyopigwa picha.

"Kwa hiyo," alisema Pradip, "ni matangi mawili. Ukuta huu utaanza kuvunjwa tarehe kumi na tano."

Furaha ilikatika. Mzee Himid alisimama.

"Ndugu Pradip. Sisi tunaadhibiwa kwa ibada yetu?"

"Mzee, mimi nasoma mita."

"Hitima ya dada yangu ilisomwa hapa."

"Najua. Pole sana. Lakini maji mnayatumia, siyo?"

Watu wa nyumba hamsini na saba nyengine waliangalia zulia. Mzee Himid alifungua mdomo. Mwadini, aliyekuwa akimtazama, aliona jinsi maneno mawili yalivyokuja mpaka mlangoni: hatuyatumii. Yalikuja, yakachungulia, yakaona watu walivyojaa, yakarudi ndani. Mzee alikaa.

"Mchoraji wetu," alisema Pradip, "ana la kuongeza?"

Nyuso zote zilimgeukia Mwadini. Hakuwahi kutazamwa hivyo. Katika kila uso aliona maombi mawili yasiyoweza kujibiwa pamoja: okoa ukumbi, na usiseme. Mama wa yule kijana aliyejibu kwa Kiingereza alikuwa amefumba macho kabisa.

Alimwomba Mola wake amwepushe na uongo, akaanza kusema kabla hajajua anakokwenda.

"Kosa ni langu," alisema.

Mama yule alifumbua macho.

"Mimi ndiye niliyepita milangoni kuwauliza watu juu ya sala zao. Lile lilikuwa si swali la mhandisi. Lile ni jambo la mja na Muumba wake, na mimi nikaingia katikati na karatasi. Nilikosea hesabu siku ile. Na mtu akianza kwa swali bovu, kila kipimo kinachokuja baada yake hakifai. Nimewatia watu wasiwasi, na maji hutoka vyengine watu wakiwa na wasiwasi. Naomba kazi yangu yote ifutwe, dodoso na wiki mbili za mwisho, watu hawa wachorewe kwa kitabu, kama wanavyochorewa watu wengine. Wiki mbili za mwanzo zinakubaliana na kitabu. Tangi moja linatosha."

Pradip alimtazama kwa makini. "Hayo niyaandike? Kwamba mchoraji alikosea?"

"Andika."

"Na mchoro wa mtu aliyekosea hawezi kuutia sahihi yeye."

"Utie wewe."

Pradip alitoa kalamu mfukoni, akaandika mstari mmoja, akakunja karatasi. "Tangi moja," alisema. "Ukumbi unabaki."

Pumzi ilitoka ndani ya ukumbi kama mvuke. Halafu, baada ya nafuu, ikaja hasira, maana watu waliookolewa hutafuta haraka wa kumlaumu kabla hawajalazimika kushukuru.

"Wiki mbili tumekosa usingizi," alisema mwanamme aliyekuwa na alama ya mto, na huo pekee ndio ulikuwa ukweli wake wa mwaka ule.

Mzee Himid alikuwa amesimama tena, mgongo umenyooka. "Mimi nilijua tangu mwanzo kuwa hesabu zile zina walakini," alisema. "Nilinyamaza kwa heshima. Mwanangu, elimu si mchezo. Unapopewa kazi ya umma, unahakiki. Umetutia katika mtihani mkubwa."

"Ni kweli, mzee."

"Lakini hatukutupi. Wewe ni kijana wetu." Mwadini alikuwa na miaka arobaini na minane. "Ndugu zangu, tuinue mikono tumshukuru Mola aliyetuhifadhia ukumbi wetu."

Wote waliinua mikono. Telesphor alivua kofia. Pradip, ambaye kwao huomba kwa namna nyengine, alitazama kulia na kushoto, akaona ni yeye tu aliyebaki, naye akainua.

Dua ya Mzee Himid ilikuwa ndefu na nzuri. Aliwaombea wagonjwa, wasafiri na maiti. Aliomba maji ya ardhini yawe ya baraka. Kisha alitua, akashusha pumzi, akamwomba Mola awape wahandisi umakini, awaepushe na pupa, na amsamehe huyu wetu makosa yake ya siri na ya dhahiri.

"Amin," waliitikia watu, kwa sauti iliyotikisa vikombe kabatini.

Mwadini aliitafuta kasoro katika dua ile ili asiitikie, akaipima neno kwa neno. Hakuiona. Kijakazi, upande wa wanawake, alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio na mabega yakimtikisika, na si kwa kulia.

"Amin," alisema Mwadini, kwa moyo wake wote, na aliposhusha viganja usoni alivikuta vimelowa jasho.